"Paro" kwenye Kihispania: ni ukosefu wa ajira, ni mgomo, au ni pesa?

Mtafsiri_Ntinda

Habari zenu wana jukwaa. Nina matini za Kihispania zinazotakiwa ziingie Kiswahili, na neno moja limenikwamisha: "paro". Kamusi ndogo ninayotumia inaandika "ukosefu wa ajira" tu, lakini ukiliweka hilo kila mahali kuna sentensi zinazokataa kabisa. Tazameni:

1. "Mi hermano está en paro desde marzo." (barua kutoka Zaragoza, Uhispania)
2. "Cobra el paro hasta noviembre." (barua hiyohiyo)
3. "El paro bajó en 27.500 personas." (gazeti la Madrid)
4. "Los camioneros anunciaron un paro indefinido." (tovuti ya Bogotá, Colombia)
5. "Llevo dos horas parado." (ujumbe wa simu, sijui aliyeandika ni wa nchi gani)
6. "Ya me consignaron las cesantías." (Bogotá tena)

Naomba maana ya kila moja, na zaidi ya hapo kanuni ya kunisaidia nikikutana na nyingine. Wasomaji wangu ni wa Kampala na Jinja, watu wa kawaida, kwa hiyo Kiswahili kiwe kile kinachoeleweka sokoni na ofisini. Tena, je, "desempleo" ni salama kila mahali?

Mwalimu_Mbarara

Ndugu Mtafsiri, kabla ya kushika kamusi uliza kwanza matini imetoka nchi gani. Hilo peke yake linamaliza zaidi ya nusu ya kazi. Shina ni kitenzi "parar", yaani kusimama au kusimamisha. Uhispania neno "paro" limekwenda upande wa mtu ambaye kazi imemsimamia, hana ajira. Amerika ya Kihispania limekwenda upande wa watu wanaosimamisha kazi kwa makusudi, yaani mgomo. Kwa hiyo mtu wa Madrid akisoma "paro" anafikiria foleni ya ofisi ya ajira, na mtu wa Bogotá au Buenos Aires anafikiria barabara zilizofungwa na mabasi yaliyolala.

Ukishajua nchi, angalia jirani za neno.

Likitanguliwa na "en" au "al", ni hali ya mtu. "Estar en paro" na "estar en el paro" ni kitu kimoja: hana kazi. "Quedarse en paro" au "irse al paro" ni kupoteza kazi. "Mandar a alguien al paro" ni kumwachisha mtu kazi, na husemwa kwa uchungu. "Apuntarse al paro" ni kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya ajira, si kuacha kazi kama wengine wanavyodhani. Sentensi yako ya 1 basi: "Kaka yangu hana kazi tangu Machi." Usiandike "yuko katika ukosefu wa ajira", hakuna Mswahili anayesema hivyo. (Na kama barua inamtaja ndugu huyo kuwa mdogo, basi ni "mdogo wangu". "Hermano" hakisemi nani alitangulia kuzaliwa.)

Likifuata vitenzi "cobrar", "pedir", "tener", "agotar", ni pesa. Sentensi ya 2 ni ya aina hiyo. "Tengo un año de paro" haina maana kwamba amekaa mwaka mmoja bila kazi. Maana yake ana haki ya kulipwa kwa mwaka mmoja. Hapa watafsiri wengi huanguka, kwa sababu sentensi inasomeka vizuri hata ikiwa imetafsiriwa kinyume.

Likifuatwa na "subir" au "bajar" pamoja na idadi, ni hesabu ya watu wasio na kazi. Nimwachie Takwimu256 hilo.

Likiwa na "convocar", "anunciar", "levantar", au likifuatwa na "general", "nacional", "indefinido", "de 24 horas", ni mgomo, hata kama gazeti ni la Uhispania. Angalia pia kiambishi cha idadi. Ukosefu wa ajira hauhesabiki kwa Kihispania, kwa hiyo ukiona wingi "paros", karibu kila mara ni vipindi vya kusimamisha kazi. Wafanyakazi wa treni za Madrid wakitangaza "paros de dos horas por turno", wanasema kila zamu itasimama saa mbili, na mgomo mzima wenyewe wanauita "huelga". Vivyo hivyo "un paro" huwa ni tukio la kusimamisha kazi, isipokuwa kikifuatwa na asilimia au sifa ya kitakwimu, mfano "un paro del 11 %" au "un paro juvenil muy alto".

Sentensi ya 4: "Wenye malori wametangaza mgomo usio na kikomo."

Kuhusu matamshi, bahati nzuri mkazo wa "paro", "parado" na "desempleo" unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Ila ukiona "paró" yenye alama juu ya o, hicho ni kitenzi, "alisimama" au "ilisimama". Nimeona mashine za kutafsiri zikisoma "paró la fábrica" kama habari ya ukosefu wa ajira kiwandani, kumbe ni "kiwanda kilisimama". Alama ikipotea wakati wa kunakili, maana inapotea nayo, kwa hiyo rudi kwenye picha ya waraka wenyewe.

Nnalongo_Entebbe

Asante Mwalimu. Mimi nataka kukaa kwenye sentensi ya 2, kwa kuwa barua za watu wetu wa kyeyo (wanaofanya kazi ughaibuni) walioko Uhispania zimejaa maneno ya namna hiyo, na ndugu zao huku wakisoma vibaya wanaweza kufanya uamuzi wa pesa usio sahihi.

"Cobrar el paro" si kupokea sadaka ya serikali. Ni bima. Jina lake la kiofisi ni "prestación contributiva por desempleo". Mwajiri na mfanyakazi wote wawili huchangia kila mwezi, na kazi ikikatika bila mfanyakazi kutaka, analipwa kulingana na alivyochangia. Hapa Uganda hatuna kitu hicho. NSSF yetu inachukua asilimia 15 ya mshahara (5 kutoka kwa mfanyakazi, 10 kutoka kwa mwajiri), lakini hiyo ni akiba ya uzeeni. Kijana wa miaka 30 akipoteza kazi hawezi kuichota kwa sababu hiyo peke yake. Kinachokaribia ni lile fao la aliyetimiza miaka 50 na amekaa mwaka mzima bila ajira. Tanzania wana jina ambalo ningekushauri ulikope: "fao la kukosa ajira". Basi sentensi yako: "Analipwa fao la kukosa ajira hadi Novemba." Kwa msomaji wa Kampala ongeza maneno machache mara ya kwanza: "yaani malipo ya bima kwa aliyepoteza kazi".

Usiliite "msaada", maana Wahispania wana kitu kingine, "subsidio por desempleo", ambacho ndicho kinachofanana na msaada. Hicho ni kiwango kidogo, kwa masharti ya kipato, kwa waliomaliza paro yao au waliochangia muda mfupi mno. Barua ikisema "se me acabó el paro, ahora cobro el subsidio", ukitafsiri vyote viwili kwa neno moja sentensi inakuwa haina kichwa wala miguu.

Namna inavyohesabiwa, ili uweze kukagua tafsiri yako:

Mtu lazima awe amechangia angalau siku 360 ndani ya miaka 6 iliyopita. Siku 360 zinampa siku 120 za malipo. Kuanzia hapo ngazi zinapanda kila siku 180 za mchango, na kila ngazi inaongeza siku 60: aliyechangia 540 anapata 180, aliyechangia 1,080 anapata 360, na mwisho ni siku 720 kwa aliyechangia 2,160 au zaidi. Ndiyo maana utakuta watu wanasema "tengo cuatro meses de paro" au "tengo los dos años". Hizo ni ngazi ya chini kabisa na ya juu kabisa.

Kiasi kinatokana na "base reguladora", ambayo ni wastani wa mshahara uliochangiwa katika siku 180 za mwisho. Siku 180 za kwanza za malipo analipwa asilimia 70 ya wastani huo, kuanzia siku ya 181 ni asilimia 60. Kwa mfano, wastani ukiwa yuro 1,500 kwa mwezi, atapata 1,050 kwa miezi sita, kisha 900, kabla ya makato. Kuna kiwango cha chini na cha juu ambacho hubadilika kulingana na kama ana watoto anaowatunza. Kwa hiyo ndugu akiandika kwamba "paro imeshuka" baada ya miezi sita, hajafanyiwa hila na mtu, ni sheria.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza anajiandikisha kuwa mtafuta kazi, "demandante de empleo", kwenye ofisi ya ajira ya jimbo lake. Halafu anaomba malipo kwa SEPE, idara ya ajira ya serikali kuu. Ni ofisi mbili tofauti, na anayekwenda moja tu akadhani amemaliza, hataona pesa. Muda wa kuomba ni siku 15 za kazi baada ya ajira kukoma. Akichelewa, haki haifi, ila siku alizochelewa zinakatwa. Na kama mwajiri amemlipa likizo ambayo hakuichukua, siku hizo za likizo huhesabiwa kwanza, ndipo paro inaanza. Pesa huingia benki kati ya tarehe 10 na 15 ya mwezi.

Kisha kuna "sellar el paro". Zamani ilikuwa ni kwenda kugongewa muhuri kwenye kadi, na leo wengi hufanya kwa intaneti, lakini neno limebaki. Tafsiri "kuthibitisha upya kuwa bado anatafuta kazi". Kwa kawaida ni kila miezi mitatu, na tarehe imeandikwa kwenye karatasi yake. Akisahau mara ya kwanza anapoteza mwezi mmoja wa malipo, mara ya pili mitatu, ya tatu sita, ya nne yote. Akitaka kuondoka Uhispania, hata kuja kuzika nyumbani, anapaswa kuwaarifu SEPE kwanza.

Kinachowakosesha wengi malipo ni "baja voluntaria", kujiuzulu kwa hiari. Aliyejiuzulu hana paro. Aliyefukuzwa anayo, hata kama alifukuzwa kwa kosa, na aliyemaliza mkataba anayo pia. Mtego uliofichika ni huu: mtu anaacha kazi ya kwanza kwa hiari, anaingia ya pili, anaachwa katika kipindi cha majaribio kabla ya miezi mitatu kupita tangu alipojiuzulu. Huyo hapati. Na jihadhari na neno "baja" likiwa peke yake: "estar de baja" ni kuwa likizo ya ugonjwa, kazi yake bado ipo.

Kwa dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani huko: walianza kuchangiwa kwa ajili ya paro tarehe 1 Oktoba 2022. Kazi ya nyumbani ya kabla ya hapo haihesabiki kwenye zile siku 360.

Mtafsiri_Ntinda

Nnalongo, weebale nnyo. Barua hiyohiyo ina "finiquito" na "indemnización" mstari mmoja juu ya paro. Nilikuwa nafikiri vyote ni kiinua mgongo.

Nnalongo_Entebbe

Hapana ssebo, ni mafungu matatu na yanatoka mifuko tofauti.

"Finiquito" ni malipo ya kufunga hesabu: siku za mshahara zilizobaki, likizo ambayo haikuchukuliwa, na sehemu ya zile mishahara ya ziada ya mwaka. Analipwa kila anayeondoka, hata aliyejiuzulu. "Indemnización" ni fidia ya kuachishwa, inatoka kwa mwajiri. Kama sababu ni za kiuchumi na taratibu zimefuatwa, ni siku 20 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, isizidi mishahara ya miezi 12. Kama mahakama ikiona hakukuwa na sababu ya haki, ni siku 33 kwa kila mwaka, kwa mikataba ya tangu Februari 2012. "Paro" ndiyo hiyo bima, inatoka SEPE.

Kiinua mgongo ningekiweka kwenye "indemnización" kama barua ni ya kifamilia, na "fidia ya kuachishwa kazi" kama ni hati ya kisheria. "Finiquito" andika "malipo ya kufunga hesabu". Ukiona maneno "no conforme" karibu na saini, usiyaruke. Mfanyakazi amepokea lakini hakukubali hesabu, na hiyo inalinda haki yake ya kudai.

Takwimu256

Sentensi ya 3 ina mitego miwili kwenye maneno sita.

Wa kwanza ni nukta. Kihispania cha Uhispania hutenga elfu kwa nukta na desimali kwa mkato. "27.500 personas" ni watu 27,500. "Una tasa del 11,4 %" ni asilimia 11.4. Sisi huku tunafanya kinyume, kwa hiyo kila tarakimu igeuzwe kwa mkono. Mexico kwa kawaida wanaandika kama sisi, basi hapo tena nchi inaamua.

Wa pili ni kihusishi. "Bajó en 27.500" ni "ilipungua kwa 27,500". "Bajó a 27.500" ni "ilishuka hadi 27,500". Kihusishi kimoja kidogo, na habari tofauti kabisa. Tafsiri yako: "Idadi ya wasio na ajira imepungua kwa watu 27,500." Na wakiandika "bajó un punto", ni nukta moja ya asilimia, mfano kutoka asilimia 12 hadi 11. Usiandike "imepungua kwa asilimia moja", kwani hiyo ni hesabu nyingine.

Sasa, gazeti la Uhispania lina paro mbili. Moja ni "paro registrado", idadi ya waliojiandikisha kwenye ofisi za ajira, hutolewa kila mwezi. Nyingine ni ya EPA, utafiti wa kaya unaofanywa na taasisi ya takwimu INE, hutolewa kila robo mwaka. Hazilingani na hazitakiwi kulingana. Asiyejiandikisha lakini anatafuta kazi yumo kwenye EPA, hayumo kwenye rejista. Mwanafunzi aliyejiandikisha anaweza kuondolewa kwenye hesabu ya rejista. Ukikuta makala inataja idadi mbili tofauti usidhani mwandishi amekosea. Andika "waliojiandikisha" kwa moja na "kwa mujibu wa utafiti wa kaya" kwa nyingine.

"Tasa de paro" ni wasio na kazi wakigawanywa kwa "activos", kisha mara 100. "Activos" ni walio na kazi pamoja na wanaoitafuta, kuanzia miaka 16. UBOS, ofisi yetu ya takwimu ya Uganda, huangalia watu wa miaka 14 hadi 64, basi usilinganishe asilimia za nchi hizi mbili bila kusema hivyo. Ili mtu ahesabiwe "parado" lazima mambo matatu yatimie: hakufanya kazi hata saa moja katika wiki ya utafiti, yuko tayari kuanza, na alitafuta kazi kwa vitendo katika wiki 4 zilizopita. (Aliyekwisha kupata kazi na anasubiri tu kuanza huhesabiwa pia.) Kwa hiyo aliyepata lejaleja (kibarua) ya siku moja tu ni "ocupado". Aliyekata tamaa akaacha kutafuta ni "inactivo". Wote wawili mtaani tutawaita hawana kazi, na ndiyo sababu tafsiri ya takwimu inahitaji "wasio na ajira wanaotafuta kazi" walau mara ya kwanza, halafu ufupishe.

Hapa kuna kosa ambalo nalichukia kwa sababu linatisha watu bure. Mwaka 2013, wakati wa mgogoro wa uchumi, Uhispania ilipita asilimia 26 ya ukosefu wa ajira, watu zaidi ya milioni 6, na "paro juvenil" ya walio chini ya miaka 25 ilipita asilimia 50. Magazeti mengi ya nje yakaandika kwamba nusu ya vijana wa Uhispania hawana kazi. Si kweli. Ni nusu ya vijana walio kwenye soko la ajira. Wanaosoma bila kutafuta kazi hawamo kwenye hesabu hiyo, na ni wengi. Andika "zaidi ya nusu ya vijana walio katika soko la ajira".

Msamiati utakaokutana nao: "paro de larga duración" ni kukosa ajira kwa mwaka mmoja au zaidi, "paro estacional" ni wa msimu, kama baada ya watalii kuondoka. "Paro técnico" si takwimu kabisa, ni kiwanda kusimama kwa sababu vipuri au malighafi hazijafika.

Lugha_Gulu

Nichukue upande wa Amerika.

Mwalimu amesema "paro" huko ni mgomo. Ni kweli, lakini ni pana kuliko mgomo wa wafanyakazi, na upana huo unaonekana vizuri kwa mfano wa hapa nyumbani. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala walifunga maduka kupinga mfumo wa kodi wa EFRIS. Hawakuwa wameajiriwa na mtu, hakuna mwajiri wa kugomewa. Kihispania cha Uhispania kingesita kuliita hilo "huelga" na kingesema "cierre de comercios". Mtu wa Colombia angesema moja kwa moja "paro de comerciantes". Wakulima wakifunga barabara ni "paro agrario", kama Colombia mwaka 2013. Nchi nzima ikisimama ni "paro nacional", kama uliloanza tarehe 28 Aprili 2021. Argentina chama kikuu cha wafanyakazi, CGT, kiliitisha "paro general" ya saa 24 tarehe 9 Mei 2024. Venezuela wana "paro petrolero" ya Desemba 2002 hadi Februari 2003, ambapo waliosimamisha kazi walikuwa pamoja na mameneja wa kampuni ya mafuta ya taifa. Kiswahili chetu "mgomo" kinabeba yote hayo, maana sisi pia tunasema mgomo wa takisi na mgomo wa wenye maduka. Mahali pekee ninapobadilisha ni "paro armado" ya Colombia. Hapo kundi lenye silaha linawakataza raia kutoka majumbani na kusafiri. Ukiandika "mgomo wa silaha" unawapa raia hatia isiyo yao. Andika "amri ya kundi lenye silaha ya kusimamisha shughuli".

"Desempleo" inaeleweka kote, hilo jibu ni ndiyo. Ila takwimu rasmi za Argentina, Mexico na Chile husema "desocupación", na mtu anaitwa "desocupado". Tafsiri ni ileile.

Chile ina jambo lake. "Cesante" ni yule aliyekuwa na kazi akaipoteza. Anayetafuta kwa mara ya kwanza hesabu rasmi humweka kando, na wawili hao wakijumlishwa ndio "desocupados". Basi "tasa de cesantía" ya Chile huwa ndogo kuliko "tasa de desocupación" ya mwezi uleule. Mtaani lakini Mchile asiye na kazi atasema tu "estoy cesante". Peru neno hilohilo lina maana ya mtumishi wa umma aliyestaafu na anakula pensheni. Ukimwita mzee wa Peru "asiye na ajira" umemkosea heshima.

Sentensi ya 6: Colombia "las cesantías", kwa wingi, si ukosefu wa ajira. Ni akiba ambayo mwajiri lazima aweke kwa ajili ya mfanyakazi, mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi, kwenye mfuko maalumu, kabla ya tarehe 14 Februari kwisha. Mfanyakazi huipata kazi ikikoma, lakini anaruhusiwa kuichota akiwa bado kazini kwa ajili ya nyumba au masomo. Kwa hiyo aliyekuandikia anaweza kuwa bado ameajiriwa, na "kiinua mgongo" kitampotosha msomaji. Ningeandika: "Tayari mwajiri ameniwekea akiba yangu ya mwaka." Uhispania "cesantías" za namna hiyo hazipo.

Sentensi ya 5 haihusu ajira. Hakuna anayehesabu ukosefu wa kazi kwa saa. Kama mwandishi ni wa Amerika, "parado" ni kusimama kwa miguu: "Nimesimama kwa muda wa saa mbili" (weka "kwa muda wa", vinginevyo msomaji ataona saa mbili asubuhi). Kama ni wa Uhispania, pengine yuko kwenye foleni ya magari: "Nimekwama hapa kwa muda wa saa mbili", kwa sababu kusimama wima wao husema "de pie". Ingekuwa "llevo dos años parado" kutoka Uhispania, ndipo ungeandika "nina miaka miwili bila kazi".

Mengine ya haraka: "paro cardíaco" ni moyo kusimama, Uhispania hupenda "parada cardíaca". Mexico "hazme un paro" ni "nisaidie kidogo", lugha ya vijana. "Parada" ya basi ni kituo.

Mtafsiri_Ntinda

Nimeelewa. La mwisho: mteja anataka pia upande wa pili, barua ya kuomba kazi kutoka Kiswahili kwenda Kihispania. Ameandika "kwa sasa sina ajira". Niandike "estoy parado"? Na kwenye maelezo yake kuna miezi aliyokuwa "en ERTE", nayo sijui niipeleke wapi.

Mwalimu_Mbarara

Usiandike "estoy parado". Amerika ni "nimesimama", na katika nchi kadhaa lina maana ya mwilini ambayo haifai kwenye barua ya kazi. Hata Uhispania, "parado" linakaa vizuri zaidi kama nomino ya kundi, "los parados". Kwa barua inayoweza kusomwa popote, "actualmente estoy sin empleo" au "estoy desempleado", na akiwa mwanamke "desempleada". Kama inakwenda Uhispania tu, "en situación de desempleo" ndiyo ya kiofisi. "Estoy en paro" ni sahihi huko, ila ni ya mazungumzo.

Na kumbuka wanaume na wanawake hubadilisha mwisho wa neno, lakini "cesante" halibadiliki: "el cesante, la cesante". C yake Uhispania hutamkwa kama th ya "thamani", Amerika kama s.

Nnalongo_Entebbe

ERTE ni kusimamishwa kazi kwa muda, au kupunguziwa saa, huku mkataba ukiendelea kuwa hai. Ilitumika sana mwaka 2020 wakati wa korona. Katika miezi hiyo mtu alilipwa na SEPE, kwa hiyo aliweza kusema "cobro el paro" ilhali hajafukuzwa. Usiihesabu kama kuacha kazi kwenye wasifu wake: tarehe za ajira ziendelee bila kukatika, na mabanoni uandike "alisimamishwa kwa muda". Ikiwa waraka unasema "ERE" bila T, mambo ni mengine, maana huko kwa kawaida ni kupunguzwa kazini moja kwa moja kwa kundi zima. Kagua hiyo T kwenye hati ya mwajiri kabla hujatuma.